Msiyabariki Maji Ambayo Hamjayapima

Nawaandikia habari ya kisima, na nawasihi asiwepo atakayefunga ukurasa huu akidhani haya ameshayasikia. Habari ya kuchemsha maji mmeisikia. Habari ya kuweka choo mbali na kisima mmeisikia tangu shule ya msingi. Kipindupindu tunakifahamu kwa sura na kwa makaburi. Ninalolileta leo ni jambo jingine. Kuna sumu inayokaa ndani ya maji maangavu, baridi, matamu, maji ya kisima kilichozinduliwa kwa kwaya na vigelegele, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, haikamatwi na kitambaa cha kuchujia, wala haiuawi na klorini, kwa sababu haina uhai wa kuuawa. Inaitwa aseniki.

Mnakumbuka watu wa Yeriko walivyomwendea Elisha. Walimweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, ila maji ni mabaya na nchi inaharibu mimba. Wakumbukeni pia Waisraeli pale Mara: walionja, wakakuta uchungu, wakamnung'unikia Musa. Watu wale walikuwa na msaada ambao sisi hatuna. Wa Mara waliambiwa na ulimi, tena siku ileile. Sisi ulimi hautatuambia kitu. Aseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mama anaweza kuinua kata, akaonja, akaridhika, akamjazia mtoto kikombe, na asiwe amekosa uangalifu hata kidogo. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Haya ni maji tuliyoyafika, tunayanywa asubuhi na jioni, na bado hatuyajui.

Tena kiasi chenyewe ni kidogo mno. Tangu mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa kila lita. Pigeni hesabu. Gramu moja tu, uzito wa punje tatu hivi za mahindi, inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye mpaka huo. Hayo ni madumu 5,000 ya lita ishirini. Ni jicho gani litaliona hilo? Ni mcha Mungu gani atakayelitambua kwa kuombea tu?

Twendeni Bangladesh, maana huko ndiko dunia ilikofundishwa somo hili kwa bei ambayo sitaki watoto wa Kanda ya Ziwa wailipe mara ya pili. Watu wa vijijini kule walikunywa maji ya madimbwi na mito, na watoto wao walikufa kwa kuhara na kipindupindu. Serikali yao, ikisaidiwa na UNICEF na wafadhili wengine, ikaamua kuwapa maji ya ardhini: bomba jembamba linashindiliwa kwenye mchanga, juu yake pampu ya mkono. Kazi hiyo ilishika kasi miaka ya 1970. Ilikuwa rahisi na ya gharama ndogo, hata familia zenyewe zikaanza kujichimbia, kila ua na pampu yake, hadi visima vikafika mamilioni. Mama hakutembea tena na mtungi. Mtoto hakuinama tena kwenye dimbwi analoogea ng'ombe. Ilikuwa rehema, nami sitamruhusu mtu yeyote aidharau rehema ile. Hakuna aliyetaka kuua.

Lakini hakuna aliyepima.

Chini ya vijiji vile kuna tope na mchanga ulioletwa na Ganges, Brahmaputra na Meghna kutoka milima ya Himalaya kwa maelfu ya miaka. Chembe za mchanga huo zimevikwa kutu ya chuma, na juu ya kutu hiyo imeng'ang'ania aseniki. Pale tope lilipofunikwa pamoja na mimea iliyooza, pasipo hewa, vijidudu vya ardhini huiyeyusha ile kutu, na aseniki iliyokuwa imeshikwa huachiwa ikaingia majini. Basi. Hakuna kiwanda. Hakuna adui aliyekuja usiku na mfuko wa sumu. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunadhani maji ya kijiji kisicho na kiwanda wala mgodi ni maji salama kwa asili yake, na tunafarijiana kwa neno hilo, kwamba ni maji ya Mungu. Ndiyo, ni ya Mungu. Na nyoka naye ni wa Mungu, na akili ya kumtambua nyoka pia tumepewa na Mungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa India, daktari wa ngozi mjini Kolkata, K. C. Saha, alianza kupokea wagonjwa kutoka vijiji vya Bengali ya Magharibi. Walikuwa na madoadoa meusi na meupe kifuani na mgongoni. Viganja na nyayo zao zilikuwa zimekakamaa na kuota vinundu. Akafuatilia hadi akafika kwenye visima vyao. Mwanakemia Dipankar Chakraborti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur akaichukua kazi hiyo mwaka 1988, akazunguka kijiji kwa kijiji na chupa za sampuli, akipima maji, nywele, kucha na mkojo, akipaza sauti miaka kwa miaka. Bangladesh yenyewe iligundua aseniki kwenye visima vyake mwaka 1993, huko Chapai Nawabganj. Mwaka 2000 Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba huu ndio usumishaji mkubwa kuliko wote uliowahi kuwapata watu katika historia. Walikadiria kuwa kati ya watu milioni 125 wa nchi ile, milioni 35 hadi 77 walikuwa hatarini. Someni tena tarakimu hizo, wapendwa. Hata ile ya chini ni umati ambao hakuna kanisa wala uwanja wa mkutano wa injili uliowahi kuuona.

Na sumu hii haiui kwa haraka. Ingeua kwa haraka tungeshaamka. Inaingia kidogo kidogo kwa miaka kumi, kumi na mitano, ishirini. Inaanza na ngozi. Kisha huja saratani ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu. Huja magonjwa ya moyo na mishipa. Wajawazito nao hawasalimiki, maana aseniki hupita kondo la nyuma ikamfikia aliye tumboni. Katika wilaya ya Araihazar, Bangladesh, watafiti waliwafuatilia watu wazima wapatao 12,000, na taarifa yao ya mwaka 2010 ikaonyesha kwamba takriban kifo kimoja katika kila vitano kilihusiana na aseniki iliyozidi kiwango kwenye maji ya kisima. Majirani walifanya nini walipoona madoa? Walisema ni ukoma. Walisema ni laana. Wanawake walirudishwa kwa wazazi wao, wasichana wakakosa wachumba, watoto wakawekwa kando shuleni. Mtu alinyweshwa sumu, kisha akaadhibiwa kwa kuinywa. Kama kuna mhubiri aliyewahi kumwambia mgonjwa wa namna hii kwamba anateswa na dhambi zake, na atubu yeye mhubiri.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo moyo wangu unapowaka. Mwaka 1992 Shirika la Jiolojia la Uingereza lilichunguza maji ya visima kadhaa katikati na kaskazini mashariki mwa Bangladesh. Lilipima madini ya aina nyingi. Aseniki halikuipima. Baadaye mwanakijiji mmoja aliyeugua alilifungulia shauri huko Uingereza, na shauri likapanda hadi kwa majaji wa ngazi ya juu kabisa, Baraza la Malodi, ambao mwaka 2006 waliamua kwamba wanajiolojia wale hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake. Hawakuwa na mamlaka juu ya maji yake, wala hawakumwahidi kwamba ni salama.

Sibishani na majaji. Walihukumu kwa sheria waliyonayo. Lakini mimi sisimami mahakamani, nasimama mbele za Yule atakayeniuliza habari ya ndugu yangu, na kwake jibu la kwamba sikuwa na wajibu lilishajaribiwa na Kaini. Anayemchimbia mtu kisima amemwambia anywe. Hata asipofungua kinywa, ule mpini wa pampu umeshasema. Amemwondoa kwenye maji aliyoyajua ubaya wake, akamleta kwenye maji mageni, na mtu amekuja kwa imani. Imani hiyo ndiyo deni. Nasema bila kusitasita: mtu, kanisa, msikiti, shirika, mbunge au serikali inayofungua kisima bila kupima aseniki haijamaliza kazi, na kama inaweza kupima na haipimi, inatenda dhambi.

Mtaniuliza, Bengali inatuhusu nini sisi? Wapendwa wa Geita, wa Mara, wa Shinyanga, wa Mwanza, inatuhusu kwa sababu ya dhahabu. Miamba yetu ya kijani ya Kanda ya Ziwa, hasa penye mishipa ya dhahabu, mara nyingi imebeba madini yenye aseniki na salfa ndani ya jiwe lilelile. Maji yakikaa ndani ya mwamba huo, huchukua sehemu yake. Watafiti waliopima visima vya Bonde la Ziwa Victoria, Geita ikiwemo, wamekuta vyenye aseniki juu ya mikrogramu 10 kwa lita. Visima vya watu. Visima vyenye foleni ya madumu asubuhi. Ongezeni na kazi za mikono yetu: jiwe likishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, yale marudio yanayolundikwa nyuma ya nyumba yana aseniki ileile, sasa ikiwa unga, na mvua ikinyesha unga huo unateremka. Ninawaona vijana wanaojenga vibanda juu ya marudio. Ninaona kisima cha mikono hatua chache chini ya lundo. Ndugu zangu wachimbaji wadogo, siwalaani, mnatafuta riziki kwa jasho. Lakini hamisheni marudio hayo mbali na maji, leo, kabla ya masika.

Ndugu zetu Waislamu wana desturi nzuri ambayo Wakristo tumeiiga: kuchimba kisima kuwa sadaka jariya, sadaka inayoendelea kumfikia mtoaji hata akiwa kaburini. Wanamkumbuka Uthman bin Affan aliyenunua kisima cha Ruma akakiacha kwa watu wote. Kwa nia hiyo fedha zinakuja kutoka Oman na nchi za Ghuba, zinakuja kutoka kwa watoto wetu walioko Ulaya na Marekani, na kisima kinapewa kibao cha marumaru chenye jina la mama aliyefariki. Mungu awabariki kwa kila shilingi. Lakini hebu fikirini pamoja nami. Kama thawabu ya kisima huendelea kila mtu anapokunywa, je, madhara nayo hayaendelei kila mtu anapokunywa? Ewe uliyetuma fedha, ulitumiwa picha ya watoto wakicheka chini ya maji yanayoruka. Je, ulitumiwa majibu ya maabara? Uliyaomba? Sehemu ndogo tu ya ile gharama ya mtambo wa kuchimbia ingelipia kipimo. Usiruhusu jina la mama yako liandikwe juu ya maji ambayo hakuna anayejua yana nini.

Elisha hakuhangaika na mitungi ya watu wa Yeriko mmoja mmoja. Alikwenda hadi kwenye chemchemi yenyewe. Nasi twende huko. Kuna vifaa vidogo vya kupimia hapohapo kisimani: maji huchanganywa na dawa, hutoka gesi, gesi hugusa karatasi, na karatasi hugeuka njano hadi hudhurungi kadiri aseniki ilivyo nyingi. Kipimo hicho hakichukui hata saa nzima. Hakitoi jibu kali kama la maabara, ila kinatosha kukwambia usimame. Na maabara zipo: za ubora wa maji chini ya Wizara ya Maji, Mwanza ikiwemo, na ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwende na sampuli, mwulize kwa jina: aseniki. Msikubali kuambiwa tu kwamba maji yamepimwa. Yamepimwa nini? Chumvi? Tope? Vijidudu? Yote hayo ni mema, lakini kisima kinaweza kufaulu hayo yote na bado kikawa kinaua. Na kila kisima kipimwe chenyewe. Aseniki haikai ardhini kwa usawa. Kisima kimoja kinaweza kuwa kibaya na kingine, mita chache kutoka hapo, kikawa kizuri, kwa sababu kina chake ni kingine au mwamba wake ni mwingine.

Katika jambo hilohilo ndimo tumaini lilimo, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Kule Bangladesh, mwanzoni mwa miaka ya 2000, visima karibu milioni tano vilipimwa. Vilivyo salama vilipakwa rangi ya kijani, vibaya vikapakwa nyekundu. Vyekundu vilikuwa takriban milioni 1.4. Na watu walipoambiwa ukweli wa kisima chao, wengi walihama. Walivuka ua, wakaenda kwa jirani mwenye pampu ya kijani. Mahali pengine zilichimbwa pampu ndefu zaidi, zinazopita tabaka lenye sumu, na maji yake yakawa mema. Lakini rangi ilichakaa, visima vipya vikaendelea kuchimbwa bila kupimwa, na hata leo mamilioni bado wanakunywa. Kupima si sherehe ya siku moja.

Ninyi mlio na kisima salama, fungueni lango. Ninajua mna hofu: foleni, tope mlangoni, kelele za watoto, luku ya pampu. Kamati ikae, ipange zamu na mchango wa haki. Lakini usimnyime jirani maji mema huku ukijua anakwenda kuchota mabaya. Utamwamkia vipi Jumapili?

Wajumbe wa kamati za maji, watendaji, madiwani: akitokea mtaalamu akawaletea majibu mabaya, msiyafungie kwenye droo. Najua ni vigumu. Huenda uchaguzi unakaribia, mfadhili atakasirika, wananchi watauliza kwa nini. Waacheni waulize. Karatasi iliyofichwa inafanya kazi ya sumu kwa niaba ya sumu. Bandikeni majibu ofisini, msikitini, kanisani, kwenye mti wa mkutano. Pakeni mpini rangi nyekundu mchana kweupe, na muwaambie watu kwa upole waelewe.

Na ninyi akina mama, ambao mzigo huu wote huishia vichwani mwenu, nawaomba mnisikie hadi mwisho msije mkakimbia moto mkaingia mtoni penye mamba. Kisima kikionekana kina aseniki, msirudi kwenye dimbwi. Vijidudu vya dimbwi vinaweza kumuua mtoto ndani ya wiki. Tafuteni kisima kingine kilichopimwa. Kingeni mvua kwenye bati safi, muiache ya kwanza ipite ioshe vumbi, muihifadhi kwenye tangi lenye mfuniko, na hiyo ndiyo mchemshe au mtie klorini. Maji ya kisima chekundu msiyachemshe mkitumaini yatapona: mvuke unaondoka, aseniki inabaki, na kilichobaki sufuriani ni kikali zaidi ya kilichoingia. Msiyapikie ugali wala wali, msikorogee uji wa mtoto. Kufulia, kudekia na kuoga yanafaa, maana sumu hii hupita kwa shida sana kwenye ngozi. Maji mema yakiwa machache, waanze mjamzito na watoto.

Mtu asiseme tumeshachelewa. Kuchelewa kuna gharama, kweli: huko Chile, mji wa Antofagasta uliletewa mwaka 1958 maji ya mto kutoka milimani, yenye aseniki zaidi ya mara themanini ya kiwango cha leo, na mji ukayanywa hadi mtambo wa kuyasafisha ulipojengwa mwaka 1970. Saratani za mapafu na kibofu ziliendelea kuwaandama watu wale kwa miongo kadhaa baadaye, hata waliokuwa watoto wachanga au matumboni wakati ule. Ninalisema hili ili mwone uzito wa kila mwaka mmoja tunaouahirisha. Mtoto atakayezaliwa Nyarugusu au Tarime mwezi ujao bado hajanywa tone. Yeye hajachelewa.

Basi Jumatatu hii, kabla ya shamba, kabla ya duka, wawili au watatu kati yenu waende kwa mwenyekiti wa kamati ya maji waombe kuiona karatasi ya vipimo vya kisima chenu. Waisome mstari kwa mstari. Kama haina aseniki iliyoandikwa kwa jina na kwa tarakimu, waipeleke ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, waombe kisima kipimwe, na kama kisima ni kipya, kamati ishikilie malipo ya mwisho ya mkandarasi mpaka tarakimu hiyo ipatikane.